Mataruma ya kayaki yananikatikia kila nikikunja, bora nihamie plaiwudi na skrubu?

mkono_wa_randa

Wakuu habari zenu. Naomba msaada maana nimekwama na hasira zimeanza kunipanda. Nimejiingiza kwenye kutengeneza kayaki nyumbani, kile kimtumbwi chembamba cha kupiga kafi, sio ya faiba wala ya plastiki, ni ile ya asili ya wenyeji wa Greenland, unaunda kiunzi cha fito alafu unakivalisha ngozi, ila siku hizi badala ya ngozi ya sili watu wanashona kitambaa kizito wanakipaka dawa kisipitishe maji. Chombo kizima kinakuja kilo 15 hivi, unakitupia begani peke yako unaenda nacho majini, hicho ndo kilichonivuta maana mgongo wangu hautaki tena habari za kubeba vyombo vizito.

Mwanzo ulienda vizuri mpaka nikaanza kujiona fundi. Mbao mbili za ukingo, mita 5 na kidogo, nimezichimba vitundu vya mataruma (zile mbavu za chombo zilizokunjwa) kwa patasi, nikazitanua kwa viboriti vya juu, vile vijiti vya kukingama, zimepinda pande zote mbili sawasawa, omo (ncha ya mbele) imekaa, tezi (ncha ya nyuma) imekaa, nikavuta uzi katikati kupima hakuna kilichoenda upande. Sasa yakaja mataruma. Nimeyachonga upana sm 2.5, unene mm 8, mbao ya mwaloni niliyonunua ikiwa imeshapasuliwa na kukaushwa tayari. Nikaloweka usiku mmoja, nikaunda sanduku la mvuke na birika chini yake, na kwa vile nilisoma mahali kwamba ni saa moja basi nikaacha saa moja kamili. Nikitoa nikikunja, ta! Nimeshakunja 14, yaliyopona ni 3, na katika hayo 3 moja lina ufa ambao najifanya siuoni.

Sasa nawaza niachane na mvuke nikate fremu za plaiwudi tu. Na ile habari ya kufunga kila kiungo kwa uzi nimehesabu mafundo yanazidi 100, si bora nipige skrubu za chuma kisichoshika kutu na gundi ya epoksi nimalize? Alafu kitambaa niende na nailoni au poliesta maana kila mtu anasema lake. Mwenye uzoefu aniambie kabla sijazigeuza hizi mbao kuni.

kafi_refu

Hahaha pole mkuu, karibu chamani, kila mtu hapa ana rundo la mataruma yaliyokatika mahali.

Kayaki yangu ya kwanza nilijenga kwa plaiwudi na siijutii. Unakata fremu 6 au 7 za plaiwudi ya boti, mm 12, unazisimamisha kwenye ubao ulionyooka alafu unazipitishia fito ndefu kutoka omo mpaka tezi na unafunga kila zinapokutana. Mvuke hakuna, kutoboa vitundu hakuna, kama una msumeno wa kukata mviringo na uvumilivu umemaliza. Ubaya wake ni kwamba fremu zinakaa kama kuta ndani ya chombo, ikiangukia pale unapoweka kisigino au chini ya paja utaimba, so lazima uzipange kulingana na mwili wako kabla hujakata kitu.

Lakini wewe umeshachimba vitundu kwenye mbao za ukingo, na mbao za ukingo ndo uti wa mgongo wa chombo cha aina yako. Ukihamia plaiwudi sa hivi unaanza upya kabisa, sio unaendelea. Mi ningemalizia ulichoanza.

BabuMvuke

Usichome mbao mwanangu, na plaiwudi iache hapo ilipo. Wewe umefanya makosa matatu yakapandana, na kila moja peke yake lingetosha kukukatia taruma.

La kwanza ni hiyo mbao ya kukaushwa. Ndani ya mti kuna kitu kinaitwa lignini ndicho kinachozishika nyuzi pamoja. Kikipata joto la karibu digrii 100 na unyevu wa kutosha kinalainika, zile nyuzi zinapata nafasi ya kusogea kidogo, unakunja, ikipoa kinashika tena katika umbo jipya. Mbao ikishapitishwa kwenye tanuri lignini inakakamaa, na ukiiloweka baadae inalowa lakini ule ulaini wa mwanzo haurudi wote. Kuna watu wanaloweka siku nyingi wanapata nafuu kidogo, usiku mmoja ni kunawa uso tu. Tafuta mbao mbichi, au iliyokauka yenyewe taratibu kwa hewa bila kuona tanuri. Mimi naipenda ile mbichi kabisa ambayo ukibonyeza kwa ukucha alama inabaki. Mwaloni wenyewe hauna tatizo, ni mti mzuri sana kwa mataruma ukiwa mbichi.

La pili nalisema bila kuona picha. Chukua taruma lililokatika ufuate ule ufa kwa kidole, utakuta umefuata uzi wa mbao mpaka ukatokea ubavuni. Uzi ukikimbilia pembeni hata mvuke wa siku nzima haukusaidii. Ndo maana wazee wa kazi wanapasua mataruma kwa kabari na shoka badala ya msumeno, kwa sababu kabari inafuata uzi na msumeno unafuata mstari uliouchora wewe. Ukishapasua ndo unapiga randa kupata unene. Na zile pete za umri wa mti zilale sambamba na upande mpana wa taruma, zisisimame. Jicho la mbao hata dogo kama punje tupa, usijidanganye kwamba litaangukia sehemu iliyonyooka.

La tatu ni hiyo saa moja. Kanuni uliyosoma ni saa moja kwa kila mm 25 za unene! Wewe una mm 8, dakika 15 mpaka 20 zinatosha, na ikiwa mbao mbichi hata chini ya hapo. Ukizidisha unaipika mpaka inakuwa kama biskuti. Anza kuhesabu pale mvuke unapotoka kwa nguvu kwenye tundu la sanduku, sio pale ulipowasha moto. Nadhani tundu uliacha? Sanduku la mvuke halizibwi kabisa hata siku moja, mvuke usipokuwa na pa kutokea linageuka bomu.

Kwenye kukunja vaa glavu na uwe umeshaandaa kila kitu, maana likitoka una sekunde 10 hivi kabla halijaanza kukakamaa. Usilikunje kwa pupa wala usisite. Likunje kuzidi kidogo umbo unalotaka alafu liachie lirudi. Na kumbuka upande wa nje wa kona unavutwa, wa ndani unabanwa, na mbao inavumilia sana kubanwa lakini kuvutwa inavumilia kidogo mno, kwa hiyo ufa karibu wote unaanzia nje. Dawa yake ni kulala ukanda mwembamba wa bati upande wa nje wenye vizuizi ncha zote mbili, unakunja vyote pamoja, bati linabeba ule mvuto. Kona za taruma zipige msasa ziwe mviringo, kona kali ndo ufa unapoanzia. Anza na taruma la katikati kabisa ndo likuongoze umbo, alafu nenda ukipunguza kuelekea omo na tezi. Na tengeneza ya ziada kama 10 uwe na amani, hata mimi mpaka leo yananikatikia.

Habari ya skrubu naijibu kesho, macho yameshachoka.

tope_jeusi

Mwenye shida ya kupata mbao mbichi anaweza pia kugandisha mataruma ya tabaka. Unapasua vipande vyembamba vya mm 3, vitatu kwa taruma moja, unapaka gundi isiyoogopa maji, unabana kwenye kalibu ya umbo lako mpaka kesho yake. Hakuna mvuke kabisa. Ila kuna gundi kila mahali, mpaka kwenye nywele. Wengine wanatumia mianzi iliyopasuliwa, nayo inakunjika vizuri kwa joto, mi sijajaribu kwa mataruma nimejaribu kwa fito tu na ilikaa poa.

BabuMvuke

Haya, skrubu.

Mbao zako za ukingo zina unene gani, sm 2 hivi? Ukiitoboa skrubu kwenye mbao ya namna hiyo ambayo tayari ina vitundu vya mataruma umeshaitengenezea sehemu ya kupasukia. Lakini hata isipopasuka, shida ni kwamba chombo hiki kimeumbwa kicheze. Wimbi likipita chini yake kiunzi kinajipinda kidogo, kinajinyoosha, kila kiungo kinasogea kiasi ambacho jicho halioni. Uzi unaruhusu hilo. Skrubu hairuhusu, so nguvu yote inakwenda kujikusanya kwenye lile tundu moja na baada ya muda linatanuka au mbao inachanika. Epoksi ni hivyo hivyo, inakuwa ngumu kuliko mbao yenyewe na panapovunjika ni pembeni ya gundi, na siku ukitaka kubadilisha taruma moja utalia.

Kule Greenland hakuna misitu ya kukata mbao, walikuwa wanaokota magogo yaliyoletwa na bahari, wanachonga, wanaunganisha kwa vigingi vya mbao na kamba za ngozi na mishipa ya wanyama, na kwa chombo hicho mtu mmoja anakwenda kuwinda sili kwenye maji ya barafu. Waunangan, wenyeji wa visiwa vya Aleut kule Alaska, wao mpaka walikuwa wanaweka vipande vya mfupa kwenye baadhi ya viungo ili mbao zisisagane zinapocheza. Yaani kucheza kwa kiunzi walikuwa wanakutunza kama fundi wa gari anavyotunza beringi.

Kwa hiyo viboriti viingie kwenye tundu lake, kigingi cha mbao, alafu uzi. Tumia ule uzi bapa wa poliesta wenye nta, unaouzwa kama mshipa wa bandia, nta inafanya usiteleze wakati unavuta. Mafundo 100 ni kazi ya jioni mbili tatu ukiwa na redio. Na pale mataruma yanapokutana na mkuku (ule ubao mrefu wa chini katikati) na fito za kona usikate uzi kila kiungo, unaweza kwenda mfululizo ukifunga na kuhamia lingine.

sindano_kubwa

Nimesubiri mmalize ya mbao maana nyie wanaume wa randa huwa mnafika kwenye ngozi mmeshachoka mnaiparamia tu alafu mnakuja kuuliza kwanini inavuja.

Nailoni na poliesta zote zinafaa, ila tabia zake ni tofauti. Nailoni nzito, ile ya gramu karibu 280 kwa mita ya mraba, ni ngumu ajabu, unaburuza kwenye mawe inakuangalia tu. Lakini inanyonya unyevu na ikinyonya inalegea. Kwa hiyo unaishona ikiwa imelowa, unaivuta mpaka vidole vinauma, ikikauka inabana kama ngoma. Ukishona nailoni ikiwa kavu siku ya unyevunyevu wa kwanza itakufanyia mikunjo kama shati la kukalia. Poliesta hainyonyi maji, unashona kavu, mikunjo iliyobaki unapitisha pasi na inajivuta yenyewe, ila kuchanika inachanika mapema kuliko nailoni. Kwa mtu wa mara ya kwanza mi nasema poliesta, ukikosea pasi itakusamehe. Kwa pwani ya mawe makali nailoni bila kufikiri mara mbili.

Kata kwa kisu cha moto sio mkasi, la sivyo kitambaa kitakufumukia mikononi. Geuza kiunzi chini juu, tandika kitambaa, shona kifuko kidogo kwenye ncha ya omo ukivalishe, vuta kwa urefu KWANZA mpaka basi, shona kifuko cha tezi, ndo ugeuze chombo na kuanza kuvuta pande mbili za kitambaa zikutane katikati ya sitaha, yaani juu ya chombo. Watu wengi wanavuta kwa upana kabla ya urefu na hapo ndo mikunjo ya kwenye omo inapozaliwa, haitoki tena. Mi napitisha kwanza uzi wa zigizaga wa muda kama kamba za viatu, nakaza taratibu kutoka katikati kwenda ncha, alafu ndo nashona mshono wenyewe kwa sindano iliyopinda.

Mambo ya asili mmeyataja lakini mmesahau kwamba ngozi walishona wanawake, na mshono wao sindano ilikuwa haitokezi upande wa pili wa ngozi, inapita katikati ya unene, ndo maana maji hayakupata tundu la kuingilia. Sisi kwa kitambaa hatuwezi hivyo, sindano lazima itokeze, so dawa ya kupaka ndo inaziba.

Dawa yenyewe usitumie epoksi tafadhali, ngozi inacheza na epoksi itafanya nyufa. Poliurethani ya kuchanganya pande mbili ndo nzuri, unapaka tabaka 3 au 4 moja juu ya nyingine kabla ya la chini halijakauka kabisa, changanya kidogo kidogo maana ikianza kuganda kwenye kopo haikusubiri. Na moshi wake usioonekana ni mbaya kwa mapafu, paka mahali penye hewa na uvae barakoa yenye vichujio vya kemikali, kile cha karatasi cha vumbi hakisaidii chochote. Usipoweza hiyo, rangi ya mafuta ya kawaida kwenye poliesta inakubali, ila ni tabaka nyingi na kusubiri kwingi.

Kabla ya kuvalisha pakaa kiunzi mafuta ya kitani, baadae hutafikia tena kila kona. Matambara uliyopakia yatandaze nje yakauke, usiyafinyange ukayatupa pipani. Yale mafuta yakikauka yanatoa joto na matambara yakiwa yamerundikana yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti.

pweza8

Na mimi niongeze moja ambalo hakuna aliyegusa. Hiki chombo ndani ni wazi kuanzia omo mpaka tezi, hakina kuta za kuzuia maji kama kayaki za plastiki nyingi. Mimi cha kwangu nilikimaliza saa 9 mchana na kwa kiherehere nikakiingiza majini saa 10 bila mifuko ya hewa, nikasema naenda mita chache tu. Nikapinduka kwenye kugeuka. Kutoka nilitoka, lakini kayaki ilinywa maji mpaka kwenye mdomo wa kukalia, zaidi ya lita 200 hizo, ikawa imelala chini ya uso wa maji kama gogo bichi. Huwezi kuipindua, huwezi kuimwaga, huwezi kupanda. Niliisukuma kwa miguu mpaka ufukweni kwa muda ambao sikuwa na saa ya kupima, na nilipoinyanyua upande mmoja yale maji yalikimbilia tezi nikasikia fito moja inalia.

Mifuko miwili ya hewa, omo na tezi, ijazwe mpaka ikamate kiunzi, na uifunge isichomoke. Jaketi la kuokolea mwilini sio nyuma ya kiti. Na siku ya kwanza jipindue kwa makusudi kwenye maji ya kifuani mtu akiwa pembeni yako, ujue unatokaje.

mkono_wa_randa

Wakuu nimerudi. Nilipata mbao mbichi ya mwaloni, gogo kabisa, nikapasua kwa kabari kama Babu alivyosema, dakika 15 za mvuke. Nimekunja 31 yamekatika 4!! Na manne hayo yote yalikuwa na jicho ambalo nililiona nikajifanya sijaliona. Taruma likitoka linakuwa kama ukanda wa mkoba, sikuamini. Sa hivi mataruma yote yako kwenye vitundu, mkuku umefungwa, fito za kona zimefungwa, nimetumia jioni nne sio mbili tatu Babu, au redio yako ni kali kuliko yangu.

dada sindano_kubwa nimechukua poliesta. pweza8 mifuko nimeagiza kabla hata ya kitambaa, hiyo stori yako ilininyima usingizi.

Swali dogo la mwisho, jana nimekaa ndani ya kiunzi sebuleni, magoti yanaingia vizuri chini ya ile masik, kiboriti kilichopinda cha mbele ya shimo, ila paja linagusa kabisa hakuna nafasi. Upana wa chombo niliweka nyonga yangu jumlisha ngumi moja kila upande kama vipimo vya asili vinavyotaka. Niinue masik au ndo inavyotakiwa?

BabuMvuke

31 kwa 4 wewe sio mwanafunzi tena.

Paja kugusa masik ndo kunakotakiwa, kwa paja ndo unakiendesha chombo na kwa paja ndo unakigeuza ukipinduka. Ila ulikaa na nini, suruali ya nyumbani? Vaa nguo zako zote za majini, viatu, weka na kile kigodoro utakachokalia, kaa humo nusu saa usome gazeti. Ukitoka miguu imekufa ganzi ongeza sm 1 au 2 kwenye masik sasa hivi kabla sindano_kubwa hajakukabidhi sindano, ukishashona huo mlango umefungwa. Na hakikisha unaweza kutoka bila kutumia mikono kuvuta goti.

mkono_wa_randa

Nimekaa dakika 30 na viatu. Kushoto poa, kulia ganzi. Naongeza sm 1.5.

sindano_kubwa

Ongeza, alafu kaa tena nusu saa nyingine ndo uniite. Na piga msasa kila ncha ya kigingi iliyochomoza, kila kitu chenye ncha kwenye kiunzi kitatoboa ngozi ya kayaki kutoka ndani.